Mbegu ya Kukhu kwenye Picha ya Jogoo

Matisi, Kitale
Jumapili jioni, 9 Novemba 2008

Hujambo msomaji wangu? Watu wa nyumbani wanaendeleaje? Na hii homa ya asubuhi, imekupita au imekaa kwako kama ilivyokaa kwangu? Huku Kitale kumeanza kukauka. Asubuhi baridi inauma vidole, mchana upepo unarusha maganda ya mahindi mpaka barabarani. Ukitazama mashambani, mahindi yamekatwa yakasimamishwa mafungu mafungu, kama wazee waliosimama wakinong'onezana habari. Ukiacha hiyo homa, mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, ila mgongo unauma, na sababu ya huu mgongo ndiyo nataka nikwambie.

Kama leo ndiyo unanisoma mara ya kwanza, mimi ni Mwalimu Selina. Nafundisha nasari ya kanisa letu hapa Matisi, darasa la wale wanaojiandaa kuingia la kwanza. Kwetu kwa kuzaliwa ni Bungoma. Binti yangu ndiye alinifungulia ukurasa huu pale saiba, duka la intaneti mjini, akaniambia, "Mama, wewe huongea sana, si uandike?" Basi naandika.

Sikusoma sana. Lakini kazi ya watoto wadogo naijua, na sioni aibu kusema hivyo.

Wiki mbili zilizopita tulianza somo la mavuno. Likizo ya Agosti nilikuwa Bungoma kwa mafunzo ya walimu wa nasari, na mkufunzi alitupitishia kitabu cha picha kutoka ng'ambo. Watoto wamevaa sweta nene, wanachezea majani mekundu yaliyoanguka chini, kando yao kuna malenge ya rangi ya machungwa yenye macho na meno. Ati huo ndio msimu wao wa kuvuna. Wenzangu walicheka yale malenge yenye meno. Mimi nilicheka pia, lakini kichwani nilikuwa nimeshaanza kupanga. Nilijiambia, kama wao wanafundisha kuhesabu na rangi na kushukuru kwa majani yaliyoanguka, sisi tulio katikati ya mahindi tunashindwa na nini?

Kwa hivyo nilipanga wiki nzima. Watoto watasimamisha mafungu madogo ya mabua nje ya darasa. Watapanga malenge kutoka dogo mpaka kubwa. Watahesabu kwa maharagwe. Watafumba macho wanuse giligilani na kitunguu wataje jina. Na Ijumaa watabandika punje za mahindi kwenye kadibodi kutengeneza picha, kama mkufunzi alivyotufundisha. Duka moja la Wahindi mjini huwa linanipa maboksi bure wakishatoa sabuni, basi kadibodi haikuwa shida. Gundi nilipika mwenyewe kwa unga wa ngano.

Alhamisi mchana, kabla hawajaenda nyumbani, niliwaambia hivi. Nakumbuka kila neno.

"Kesho kila mtu aniletee kitu kimevunwa kwao. Na msiniletee vibovu! Nataka kile kizuri kuliko vyote nyumbani kwenu."

Ijumaa asubuhi meza yangu ilijaa. Viazi vitamu, wimbi kwenye kopo la siagi, boga ambalo mama mtu alilazimika kulibeba mwenyewe. Mtoto wa mwenye kibanda alileta pakiti ya tambi, na nilipomwuliza inavunwa wapi akanijibu bila wasiwasi, "Dukani kwa baba." Tulicheka mpaka Madam Wanjiru, ambaye hunisaidia darasani, akatoka nje kufuta machozi.

Halafu akaja Nekesa.

Nekesa ana miaka mitano na maneno machache. Anaishi na nyanya yake nyuma ya posho mill, kile kinu cha kusagia mahindi, katika chumba cha kupanga. Waliteremka kutoka Cheptais mwaka juzi wakati mapigano ya ardhi yalipozuka kule mlimani. Huyo nyanya sote tunamwita Kukhu, maana ndivyo kwetu tunavyomwita nyanya. Nekesa alikuwa amekumbatia mahindi manne yaliyofungwa mawili mawili kwa maganda yao. Msomaji, hayo mahindi! Punje nyingine nyeupe, nyingine nyekundu kama damu ya ng'ombe, nyingine zambarau inayokaribia weusi. Yalikuwa makavu, yananuka moshi, na maganda yalikuwa yamekuwa ya kahawia.

Moshi. Hapo ndipo ningesimama nifikiri. Mimi niliyekuzwa chini ya dari yenye masizi, nikiona mama yangu akitundika mahindi kama hayo juu ya meko kila mwaka, yapate moshi, wadudu wasiyatoboe, mpaka mvua irudi. Najua mahindi yaliyofungwa mawili mawili ni nini. Kila mtoto wa Bungoma anajua.

Lakini nilikuwa nimefurahi. Niliona rangi, sikuona mbegu.

Tukayapukuchua yote manne. Watoto walishangilia punje zikidondoka kwenye beseni. Wakabandika. Mmoja alifanya nyumba, mwingine alifanya kitu alichosema ni treni. Kabochi alifanya jogoo mwenye mkia wa zambarau na kilemba chekundu, na kwa kweli alikuwa jogoo wa kupendeza. Nekesa alifanya mlima. Nilizitundika picha zote kwenye kamba ukutani, nikafunga darasa, nikaenda nyumbani nikiimba.

Jumatatu asubuhi nilikuta Kukhu mlangoni.

Alikuwa amemshika Nekesa mkono. Hakunisalimu. Alipita katikati ya viti vile vidogo polepole, akasimama mbele ya kamba, akamtazama jogoo wa Kabochi kwa muda. Akagusa mkia kwa kidole.

"Mwarimu," akasema, "huyu jogoo ni wa nani?"

"Ni wa mtoto wetu mmoja, Kukhu. Karibu kiti."

"Nimefuga kuku tangu niolewe. Mwewe amenilia, mwizi amenilia, ugonjwa umenilia. Lakini jogoo aliyekula mbegu yangu yote kwa siku moja, huyo sijawahi kuona."

Nikauliza swali la kijinga. "Yalikuwa ya mbegu?"

"Yalikuwa juu ya meko, mawili mawili. Wewe ni mtoto wa Bungoma ama ni wa wapi?"

Nikaanza kumgeukia Nekesa, na Kukhu akanizuia kwa mkono. "Huyo usimguse na maneno. Nimemwuliza, amenijibu. Mwarimu alisema alete kile kizuri kuliko vyote nyumbani. Akapanda kwenye kigoda, akaleta. Si ndivyo ulimwambia?"

"Ndivyo, Kukhu."

"Basi amekutii."

Wacha nikueleze hiyo mbegu ilikuwa nini, kama alivyonieleza yeye akiwa ameketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakifika kifuani. Mama yake alimpa akienda kuolewa. Ameipanda kila mwaka. Walipokimbia kule juu, waliacha ng'ombe, waliacha mahindi yamesimama shambani, lakini yeye alinyanyua mkono juu ya meko akavuta jozi moja akaitia ndani ya blanketi pamoja na mtoto. Mwaka huu alipanda nyuma ya kile chumba cha kupanga, kipande cha ardhi kisichozidi mikeka miwili. Mengine yaliliwa mabichi, mengine wapita njia wakayavuna kabla yake. Yaliyobaki ni yale manne.

Na hayo manne yalikuwa kwenye kamba yangu, na gundi ya ngano juu yake.

Wanjiru alinivuta kando. Yeye ni mtu wa kutaka jambo liishe. Akaninong'oneza, "Madam, si tumnunulie pakiti ya mbegu dukani? Hii Kitale bana, mbegu ndiyo mji wenyewe, zinatengenezwa hapa hapa. Kesho amesahau."

Nilikuwa karibu kukubali. Lakini Kukhu ana masikio.

"Ya pakiti naijua, mwanangu," akamwambia Wanjiru bila hasira. "Ni nzuri, inazaa sana. Lakini nikipanda watoto wake mwaka wa pili wanakuwa vilema, lazima nirudi dukani. Hii yangu haijawahi kunirudisha dukani."

Wanjiru akaenda kuleta mabeseni. Mimi nilienda kuchota maji.

Tulishusha picha zote, tukaziweka kwenye mabeseni ya maji baridi ili gundi iachie. Hapo ndipo kilio kilianza. Kabochi aling'ang'ania jogoo wake. "Msimwoshe! Atakufa!" Mwingine akalia kwa sababu Kabochi analia. Darasa zima likawa kama matanga. Nekesa peke yake hakulia. Alichukua mlima wake, akauingiza majini mwenyewe, akaanza kubandua punje moja moja na kumpa nyanya yake mkononi.

Sikumwambia afanye hivyo. Hakuna aliyemwambia.

Gundi yangu ni nzuri kuliko nilivyojua. Ilichukua asubuhi yote na punje zilikunywa maji zikavimba. Hapo ndipo mgongo ulipoanza kuniuma, kwa kuinamia mabeseni. Tulipomaliza, Kukhu alitazama ule mlundo uliolowa, akajifunga leso vizuri, akasimama.

"Ulizilowesha wewe, zikae kwako. Zikiwa bado ni mbegu, nitakuja kuchukua. Zikiwa ni uji, kunywa."

Akamshika Nekesa, wakaondoka. Jumanne Nekesa hakuja. Jumatano hakuja, wala Alhamisi, wala Ijumaa.

Nitakwambia ukweli, sikulala vizuri. Nilikuwa nikiomba, na katikati ya maombi najikuta nafikiria punje. Nikamwambia Mungu, Baba, sikuombi muujiza mkubwa. Nakuomba tu hii mbegu ya mama mzee isife mikononi mwangu, na huyu mtoto asiiache shule kwa sababu alinitii.

Maana hilo ndilo lililonikata maini. Mtoto ambaye ameanza kuongea juzi, akifanya kama mwalimu alivyosema kisha nyumbani kukawaka moto, atawahi kuniamini tena?

Sasa, lililofuata lilitoka kwenye kazi yangu mwenyewe, na kwa hilo nilijipa moyo. Kila mwaka watoto wangu huotesha harage kwenye kitambaa chenye maji waone mizizi. Nikajiuliza, kama nafanya hivyo kwa mchezo, kwa nini nisifanye sasa kwa haja? Jumatatu hiyo hiyo mchana nilichukua punje kumi, nikaziviringisha kwenye kipande cha gunia kilicholowa, nikakiweka karibu na jiko la kupikia la shule ambako huwa kuna joto. Zile nyingine nilitaka kuzianika kwenye turubai, lakini mvua ikaja, ile ya mwisho mwisho isiyo na haya, nikazirudisha kwenye beseni nikazifunika.

Nao watoto walikuwa wananidai picha zao. Siwezi kumwambia mtoto wa miaka mitano kwamba jogoo wake alikufa kwa sababu za haki. Basi Jumanne tulitoka nje kuokota. Maganda ya mahindi, nywele za mahindi zilizokauka, maganda ya maharagwe, majani makavu ya mparachichi na ya mgomba, vipande vya magunzi. Kila kitu ambacho mavuno yameshaacha na hakuna mtu atakayekila wala kukipanda. Tukabandika hivyo. Walimu wenzangu mnaonisoma, nawaambia bila kusita, picha zilitoka nzuri kuliko za kwanza. Maganda ya mahindi ukiyalowesha yanapindika kama kitambaa. Gunzi ukilikata katikati na kulichovya kwenye rangi linapiga muhuri wa ua. Majani makavu ya parachichi yana kahawia, njano na wekundu ndani yake, na hatukuhitaji kuvuka bahari kuyapata. Jogoo wa Kabochi sasa ana mkia wa nywele za mahindi, na yeye mwenyewe amenitangazia kwamba yule wa kwanza alikuwa kifaranga.

Chakula hatutabandika tena ukutani. Hilo nimeshaliamua. Kuna watoto darasani mwangu ambao huondoka nyumbani bila kunywa hata chai, na mimi nawapa maharagwe wayapake gundi? Mkufunzi alikuwa mzuri, lakini hilo hakulifikiria, na mimi sikulifikiria kwa niaba yake.

Ijumaa asubuhi tulifungua gunia.

Niliwakalisha watoto mviringo. Nikafungua polepole, nao wakidhani ni mchezo. Tukahesabu kwa sauti. Moja imechomoa mkia mweupe. Ya pili. Ya tatu imelala. Tulipofika kumi, nane zilikuwa zimeamka.

"Ziko hai!" Kabochi akapiga kelele, na darasa zima likapiga makofi. Nilisema asante Yesu kwa sauti ya kanisani, sijali.

Halafu nikaenda kwenye beseni kubwa kuwaonyesha zile nyingine, nikainua kitambaa.

Nazo zilikuwa zimeamka. Karibu zote zilikuwa zimepasuka pua, ncha nyeupe zinachungulia.

Wewe mkulima umeshaelewa. Kama si mkulima, nikueleze. Kitale tuna msimu mmoja wa mahindi. Tunapanda mvua ikianza, mwezi wa tatu kwenda wa nne. Mbegu iliyokauka unaweza kungoja nayo mpaka wakati huo. Iliyoamka haiwezi kungoja. Ukiikausha inakufa, ukiipanda hapa sasa inaota, kisha jua la Januari linaikaanga. Nilikuwa nimethibitisha kwamba mbegu ya Kukhu iko hai, na sasa ilikuwa imebakiwa na siku mbili tatu tu.

Nilikaa kwenye kiti cha mtoto. Wanjiru akaniuliza, "Sasa?"

Na jibu likaja, sijui niseme lilitoka wapi, nasema lilitoka juu. Bungoma! Kwetu kuna joto, na ndugu yangu Wafula ana bustani kando ya mto ambako ardhi hailali mwaka mzima. Mahindi ya kienyeji yakipandwa pale sasa na kumwagiliwa, mwishoni mwa mwezi wa tatu yatakuwa yamekauka. Yaani mbegu itarudi Kitale wakati mvua ya Kitale inaingia.

Nikampigia simu. Kwanza akafurahi kusikia sauti yangu. Kisha akasikia ninachotaka.

"Dada, pale kuna sukuma wiki yangu! Nimebakisha kidogo tu nianze kuvuna."

"Ng'oa mistari michache upande wa chini."

"Ati ning'oe? Kwa mahindi ya nyanya ya nani?"

Nikamweleza habari yote. Halafu akasema, "Hata mama angenichapa nikikataa. Leteni."

Jioni nilienda nyuma ya posho mill na beseni kichwani. Nekesa alikuwa nje anafagia. Aliniona, akaingia ndani mbio, na hilo liliniuma kuliko neno lolote la nyanya yake. Kukhu akatoka. Nikafunua beseni bila salamu ndefu. Aliinama, akachukua punje moja, akaigeuza chini ya mwanga.

"Iko hai," nikasema.

"Naona. Na umeiamsha kabla ya wakati."

"Nimeiamsha. Lakini najua pa kuilaza." Nikamwambia kuhusu Bungoma.

Alicheka, kicheko kikavu. "Nikupe mbegu uende nayo tena? Mara ya kwanza uliipeleka ukutani tu. Sasa unataka kuipeleka wilaya nyingine."

"Twende pamoja, Kukhu. Upande kwa mkono wako. Mimi nitabeba tu."

Aliingia ndani. Nikabaki nimesimama pale na beseni, majirani wakinitazama. Nikasikia wakizungumza ndani, sauti kubwa na sauti ndogo. Akatoka na swali moja tu.

"Huko mtoni, kiboko hakuna?"

"Hakuna, Kukhu. Kuna ndugu yangu tu, na yeye hali mahindi mabichi ya watu."

"Haya. Kesho asubuhi."

Jana basi tulienda sisi watatu, mimi, Kukhu na Nekesa, punje zikiwa kwenye kitambaa chenye maji ndani ya kikapu ambacho Kukhu alikataa kukiachilia. Tulifika jua likiwa bado changa. Wafula alikuwa ameshang'oa sukuma na kulainisha udongo mpaka ukawa kama unga, na nilimpenda ndugu yangu jana kuliko siku zote.

Kukhu alivua viatu. Alikanyaga ule udongo, akaubana kwa vidole vya miguu, akauchota mkononi akaunusa. Hakusema ni mzuri wala mbaya. Akainama akaanza. Punje mbili kila shimo, pua zikitazama chini, anafunika taratibu kwa kiganja. Wafula alitaka kumsaidia, akakatazwa.

"Kukhu, wewe unapanda kama mtu anayelaza watoto," akamtania.

"Na wewe unasimama kama mtu aliyeajiriwa kusimama. Leta maji."

Nekesa alipewa zile punje nane za gunia, zenye mizizi mirefu zaidi. Alizipanda mstari wake peke yake, mwisho kabisa karibu na maji. Nilikuwa nyuma yake. Alipofika ya mwisho aligeuka, akanipa. Aliiweka tu kwenye kiganja changu, akanionyesha shimo kwa kidole.

Niliipanda. Mikono yangu imepanda magunia kwa magunia ya mahindi, lakini sijawahi kupanda punje moja kwa uangalifu namna hiyo.

Tulipomaliza nilitaka kumshukuru Kukhu. Nilikuwa na maneno mengi tayari, msamaha, asante, na sala juu yake. Nilipofungua mdomo tu, akaninyooshea mkono wenye tope.

"Kwetu mbegu haishukuriwi, Mwarimu. Ukiisemea asante inakataa kuota. Nyamaza."

Nikanyamaza. Wewe unajua vile hilo lilikuwa gumu kwangu.

Wafula ameahidi kumwagilia asubuhi na jioni. Mimi nitashuka kila Jumamosi mpaka shule ifungwe, na ikifungwa nitahamia kwetu kabisa hadi Januari. Nilikuwa nimepanga kwenda Nairobi kwa binti yangu Krismasi hii, na nauli ilikuwa tayari. Nimemwambia aje yeye. Mahindi hayasafiri.

Jioni tuliporudi Kitale tulitembea pamoja mpaka karibu na posho mill. Nekesa alikuwa amelala mgongoni mwa nyanya yake. Kukhu akasimama.

"Wiki ijayo mnasomesha nini?"

Nilitaka kumkumbatia, lakini nilijibu kama mwalimu. "Wanyama wa nyumbani. Ng'ombe, mbuzi, kondoo."

Akatikisa kichwa, akampandisha mtoto vizuri mgongoni.

"Wetu waliachwa Cheptais. Atakuja mikono mitupu. Usimwulize."

"Sitamwuliza, Kukhu."

Leo kanisani sikusikia mahubiri vizuri, nilikuwa napanga hilo somo upya. Hakuna mtoto atakayetumwa kuleta kitu. Watatengeneza ng'ombe wao kwa udongo wa mfinyanzi, kila mtu ng'ombe wake, na wa Nekesa nitahakikisha ana mahali pa kukaa dirishani. Nina imani na hiyo mbegu. Nina imani zaidi na kesho asubuhi, nikisikia viatu vyake vidogo mlangoni.

Lakini imani haifukuzi ndege, na Wafula ananiambia kuna kunguru pale mtoni wanaofukua mahindi mara tu yanapochungulia. Wewe unayenisoma, hasa kama unalima kando ya mto, mnawafukuzaje bila sumu? Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Jumamosi.